Shaba, Zege na Plutoni: Miaka 17 ya Mlima Degelen

Mwezi Aprili 1998, Mmarekani aitwaye Siegfried Hecker alifika katika nyika ya mashariki ya Kazakhstan ili aone kwa macho yake jambo ambalo hadi hapo alikuwa amelisikia tu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameacha ukurugenzi wa maabara ya Los Alamos, ile iliyoipa Marekani bomu lake la kwanza la nyuklia. Wanasayansi wa Kazakhstan walikuwa wamewadokeza Wamarekani kwamba kuna watu wanang'oa nyaya za shaba katika uwanja wa zamani wa majaribio ya nyuklia wa Wasovieti. Hecker alisimulia baadaye kwamba njiani alikuwa akiwaza watu wachache na ngamia wao, wakivuta waya mmoja mmoja kutoka mchangani.

Alichokuta ni mitaro ya kilomita na kilomita, mirefu na ya kina, iliyochimbwa kwa mashine kubwa. Udongo ulikuwa umerundikwa kandokando, na milango ya mahandaki iliyokuwa imezibwa ilikuwa imefunguliwa upya. Hakukuwa na uzio, wala mlinzi wa kumsimamisha mtu. Hiyo haikuwa kazi ya mwenye ngamia. Ilikuwa biashara yenye mtaji.

Hecker, mtaalamu wa plutoni aliyeisomea na kuifanyia kazi miaka mingi, alielewa papo hapo nyaya zile zinaelekea wapi. Zilikuwa zimeunganisha vifaa vya vipimo na mahandaki ya mlima Degelen, na ndani ya mahandaki hayo Wasovieti walikuwa wameacha plutoni.

Hapa lazima tueleze jambo moja la kiufundi, maana ndilo linaloibeba hadithi yote. Si kila jaribio lililofanyika pale lilikuwa mlipuko kamili wa nyuklia. Mengine yalikuwa madogo: wanasayansi walilipua baruti za kawaida kuzunguka kipande cha plutoni ili wajifunze madini hayo yanavyobanwa, au waone kama bomu litabaki salama likipata ajali. Katika majaribio ya namna hiyo plutoni haiteketei. Nyingine ilirushwa ikachanganyika na udongo na mwamba. Nyingine ilibaki ndani ya mapipa makubwa mazito ya chuma ambayo Warusi waliyaita kolba, na mwenye kulikuta pipa la namna hiyo asingehitaji kiwanda kikubwa kupata alichokitaka. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, huhesabu kilo 8 za plutoni kuwa kiasi kinachoweza kutosha kutengeneza bomu moja. Mabaki ya Degelen yalikadiriwa kutosha mabomu zaidi ya kumi. Na plutoni haiozi upesi: nusu yake huchukua miaka 24,000 kupungua.

Uwanja wenyewe unaitwa Semipalatinsk, na wenyeji waliuita Poligoni. Una zaidi ya kilomita za mraba 18,000, yaani unaizidi kidogo nchi nzima ya Kuwait. Asubuhi ya tarehe 29 Agosti 1949 Wasovieti walilipua hapo bomu lao la kwanza, na kwa miaka 40 iliyofuata wakafanya majaribio 456, mwanzoni juu ya ardhi na hewani, kisha chini ya ardhi. Wachungaji na wakulima wa vijiji vya jirani hawakuambiwa ni nini kilichokuwa kikitikisa nyumba zao. Serikali ya Kazakhstan hutaja watu milioni 1.5 walioathirika na mionzi ile.

Waliousimamisha uwanja huo kwanza walikuwa raia. Februari 1989 mshairi Olzhas Suleimenov alipewa nafasi kwenye televisheni asome mashairi yake. Akayaweka kando, akawaeleza watazamaji habari za mionzi iliyovuja kutoka Poligoni na kuwaita wakutane. Vuguvugu lililozaliwa siku zile waliliita Nevada-Semipalatinsk, kwa kuunganisha jina la uwanja wao na la uwanja wa Wamarekani, kama kusema kwamba wachungaji wa pande zote mbili wamedhulumiwa na jambo lile lile. Jaribio la mwisho lilifanyika Oktoba 1989, na tarehe 29 Agosti 1991 uwanja ukafungwa rasmi kwa amri ya rais wa Kazakhstan, Nursultan Nazarbayev. Miezi minne baadaye Kazakhstan ikawa nchi huru, na Muungano wa Kisovieti ukatoweka.

Uhuru huo ulikuja na mirathi nzito. Nchi mpya yenye watu wasiofika milioni 17 ilijikuta na vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,400 katika ardhi yake. Ilichagua kuviacha vyote. Vilirudishwa Urusi, na cha mwisho kiliondoka Aprili 1995. Watu hulisifu tendo hilo kwa haki. Lakini vichwa vya mabomu vina namba, vina walinzi na vina daftari. Kigumu zaidi kukisimamia ni madini yenyewe, yaliyolala kwenye maghala na mashimo bila daftari linaloeleweka, katika nchi ambayo ghafla haina fedha za kumlipa mlinzi.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha Ulba, katika mji wa Ust-Kamenogorsk, kaskazini-mashariki. Mwaka 1993 mwanadiplomasia kijana wa Marekani, Andy Weber, alijenga urafiki na mkurugenzi wa kiwanda hicho, Vitaly Mette. Mazungumzo yalikwenda polepole, kwa mialiko na mizunguko mingi, kwa kuwa hakuna anayetamka mambo hayo mara ya kwanza. Siku moja Weber akapokea kikaratasi kidogo kimeandikwa: urani 235, asilimia 90, kilo 600. Hicho ni kipimo cha urani ya bomu. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya nyambizi za Kisovieti, mradi ukafa, madini yakabaki. Weber na mtaalamu kutoka kituo cha nyuklia cha Marekani cha Oak Ridge walipoingia ghalani mapema 1994 kuchukua sampuli, waliyakuta madini yamepangwa vizuri ndani ya mikebe ya chuma, na mlango umefungwa kwa kufuli la kizamani. Kufuli moja, kwa madini ya kutosha mabomu zaidi ya 20.

Oktoba mwaka huo Wamarekani 31 waliingia Ulba kimyakimya. Walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, wakipima, wakihesabu, wakipakia upya, pamoja na wafanyakazi wa kiwanda walioijua kila kona ya ghala lile. Novemba, barabara zikiwa na barafu, malori yalipeleka mapipa 448 uwanja wa ndege, na ndege kubwa za C-5 zikayabeba hadi Marekani moja kwa moja, zikijazwa mafuta zikiwa angani. Urusi iliarifiwa mapema na haikupinga. Dunia ilikuja kuambiwa tarehe 23 Novemba 1994, mzigo ukiwa tayari umefika. Kazi hiyo iliitwa Mradi wa Yakuti Samawi, na sehemu kubwa ya gharama zake ilitokana na sheria ambayo maseneta wawili, Sam Nunn wa chama cha Democratic na Richard Lugar wa Republican, waliipitisha mwishoni mwa 1991. Sheria hiyo iliruhusu Marekani kutumia fedha za ulinzi wake kusaidia kuteketeza na kulinda silaha za aliyekuwa adui yake. Baadhi ya wabunge wakati ule waliona huo ni upuuzi. Mimi naona ni moja ya sheria za busara kuliko zote zilizotungwa karne ile.

Ulba ilikuwa rahisi kwa sababu mzigo ulihesabika, ukafungwa, ukaondoka. Degelen haikuwa hivyo. Mlima haupandi ndege.

Mwaka 1995 Marekani na Kazakhstan zilikubaliana kuyaziba mahandaki yote 181 ya mlima ule. Kazi ilianza 1996, na handaki la mwisho likafungwa Julai 2000. Lakini lengo la mkataba huo lilikuwa kuhakikisha hakuna mtu atakayefanya jaribio la nyuklia pale tena. Plutoni haikuwa kwenye mazungumzo. Warusi walikuwa wameondoka bila kuwaambia Wakazakh ni nini hasa walichokiacha, na Wamarekani hawakujua vya kutosha hata waulize. Milango ikazibwa kwa mawe na zege, na wachimba vyuma chakavu wakaibomoa.

Watu hao hawakuwa magaidi. Baada ya 1991 jeshi liliondoka, mishahara ikakatika, na mji wa Kurchatov uliouhudumia uwanja ule, uliokuwa wa siri na wa kupendelewa, ukabaki na nyumba tupu. Shaba ilikuwa na soko, na wanunuzi wake waliipeleka hadi China. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Tumeona nyaya za simu na mifuniko ya chemba zikiishia kwenye mizani ya muuza chuma chakavu. Baba mwenye njaa anayeambiwa kwamba ndani ya mlima kuna shaba atauchimba mlima. Hatari ilikuwa kwamba katika kutafuta shaba angefika kwenye kolba. Na walifika: mapipa mawili yaliyotumika katika majaribio yalikutwa yamevunjwa, na mara nyingine wachimbaji walibakiza mita chache tu kuifikia plutoni.

Hecker aliporudi kutoka nyikani alikuwa na picha, na alikuwa na tatizo. Waliojua plutoni iko wapi hasa, kwenye handaki gani na kwa kiasi gani, walikuwa Warusi peke yao, na habari hizo zilikuwa siri ya taifa. Hazikuwa siri za bure. Mabaki ya plutoni yakichunguzwa kitaalamu yanaweza kueleza mengi kuhusu muundo wa bomu. Kumwonyesha Mmarekani mahali yalipo ilikuwa karibu sawa na kumfungulia kabati.

Hapa tunarudi nyuma hadi Februari 1992. Mwezi huo Hecker alikuwa mmoja wa Wamarekani wa kwanza kukanyaga Sarov, mji wa siri ambao haukuonyeshwa kwenye ramani za Kisovieti, makao ya maabara iliyolibuni bomu la 1949. Kwenye uwanja wa ndege walipokewa na Yuli Khariton, mzee aliyekaribia miaka 88, ndiye aliyeongoza ubunifu wa bomu lile. Khariton aliwaambia wageni kwamba alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka 40. Tangu hapo wanasayansi wa Los Alamos na wa Sarov walitembeleana mwaka baada ya mwaka, wakafanya utafiti wa pamoja, wakala pamoja, wakajuana kwa majina ya watoto wao. Hakuna mkataba wa marais uliokuwa umeagiza urafiki huo. Lakini Hecker alipozipeleka picha za mitaro kwa wenzake wa Sarov, akiwemo mkurugenzi wao Radii Ilkaev, hakupokelewa kama jasusi. Alipokelewa kama mtu wa kazi yao.

Naamini hapo ndipo jambo lote lilipookolewa. Moscow ilikuwa na sababu nyingi za kusema kwamba hakuna tatizo Degelen, na mwanzoni baadhi ya maofisa walisema hivyo. Waliobadilisha msimamo huo ni wanasayansi wa Urusi wenyewe, walioziangalia picha na kutambua sehemu walizofanyia kazi ujanani. Mwaka 1999 nchi tatu zikafikia mapatano. Urusi ilikuwa na habari, Marekani ilikuwa na fedha, Kazakhstan ilikuwa na ardhi na mikono ya kufanya kazi. Ikikosekana moja, kazi haifanyiki.

Swali la kwanza lilikuwa kama plutoni itolewe irudishwe Urusi au izikwe palepale. Kuitoa kutoka kwenye mwamba uliopasuka kungekuwa ghali na hatari kupita kiasi. Wakaamua kuizika kwa namna ambayo atakayetaka kuichimba atahitaji mitambo mizito, muda mrefu na kelele nyingi, asiweze kujificha.

Operesheni ya kwanza ilihusu eneo la tambarare ambako plutoni ilikuwa karibu na uso wa ardhi. Wafanyakazi wa Kazakhstan walilifunika kwa bamba la zege lenye nondo, unene wake mita mbili, na kazi ikakamilika Agosti 2003. Baada ya hapo wakaingia kwenye mahandaki. Vyumba vilivyokuwa na mabaki vilijazwa zege, na kolba nazo zikajazwa mchanganyiko maalumu wa saruji ili kilichomo kisitenganike kirahisi. Kazi ilikwenda kwa misimu, kwani majira ya baridi katika nyika ile hayana huruma na mtu wala mashine.

Isidhaniwe kwamba yote yalikwenda kwa upendo. Warusi hawakufungua daftari lote siku moja. Walitaja eneo moja, likafanyiwa kazi, kisha wakakiri kwamba kuna jingine, halafu jingine tena. Kila mara iliwalazimu Wamarekani kutafuta fedha upya na kuwaeleza wakubwa wao kwa nini kazi iliyodhaniwa imekwisha haijakwisha. Wakazakh, wenye ardhi, walikuwa wa mwisho kuambiwa mambo mengi, na hilo liliwauma. Mtu unachimba kwako na hujui unachimba nini. Na huku fedha zikimwagwa kuuziba mlima, wachimbaji wa shaba waliendelea kuingia kwa miaka kadhaa kabla doria na vifaa vya kuwagundua havijatosha.

Kuna uamuzi mmoja wa nchi hizo tatu ambao naukosoa. Hawakulishirikisha rasmi IAEA, ingawa Kazakhstan ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na madini yote ya namna hiyo katika ardhi yake yalistahili kuandikishwa. Sababu yao inaeleweka: habari zikienea zingewavutia wezi wa kweli, na Urusi ingeondoka mezani. Lakini siri hiyo imeacha kaburi la plutoni ambalo kumbukumbu zake ziko mikononi mwa serikali tatu tu, na serikali husahau, hubadilika, na wakati mwingine hugombana.

Machi 2012, katika mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu usalama wa nyuklia mjini Seoul, Barack Obama, Dmitry Medvedev na Nazarbayev walitangaza pamoja kwamba kazi inakaribia kwisha. Oktoba mwaka huo wanasayansi na wahandisi wa nchi tatu walikusanyika chini ya Degelen na kuzindua mnara mdogo wa jiwe wenye maandishi ya lugha tatu, Kikazakh, Kirusi na Kiingereza, yasemayo kwamba kati ya 1996 na 2012 dunia imekuwa salama zaidi. Miaka 17 ilikuwa imepita. Gharama zilifika dola milioni 150, kiasi kidogo mno ukikilinganisha na bei ya nyambizi moja ya kivita.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2012 Urusi ilitangaza kwamba haitauongeza mkataba wake na Marekani chini ya sheria ya Nunn na Lugar kwa masharti ya zamani. Ilisema nchi yake si maskini tena wa kusaidiwa, na kwa upande wa heshima hoja hiyo ilikuwa na uzito. Makubaliano mepesi zaidi yalitiwa saini 2013. Kisha Urusi ikaitwaa Crimea kutoka Ukraine mwaka 2014, vikwazo vikafuata, na Desemba mwaka huo Warusi wakawaambia Wamarekani jijini Moscow kwamba kazi nyingi za pamoja za kulinda madini ya nyuklia ndani ya Urusi zimefika mwisho. Urusi haikuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi wa Washington mwaka 2016, na Oktoba mwaka huo ikasimamisha mkataba uliozitaka nchi hizo mbili kuteketeza tani 34 za plutoni kila moja. Ushirikiano uliojengwa kwa zaidi ya miaka 20 ulivunjwa kwa miaka michache.

Hilo linaniuma nikikumbuka yaliyokuwa yamepatikana. Kati ya 1993 na 2013 Urusi ilichukua tani 500 za urani kutoka kwenye vichwa vyake vya nyuklia, ikaizimua, ikaiuzia Marekani iwe nishati ya vinu vyake. Kwa miaka mingi taa moja kati ya kumi nchini Marekani iliwaka kwa urani iliyokuwa imetengwa kuiteketeza miji ya Marekani. Watu walioweza kufanya hivyo walishindwa baadaye hata kukaa meza moja kuzungumzia makufuli na kamera.

Lakini uzi haukukatika wote. Afrika ina ushahidi wake. Katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kaskazini mwa Nigeria, kulikuwa na kinu kidogo cha utafiti kilichojengwa na China na kilichotumia zaidi kidogo ya kilo moja ya urani ya kiwango cha bomu. Kiasi hicho hakitoshi bomu, ila katika eneo lililojaa mashambulizi ya wanamgambo hakuna aliyetaka kibaki hapo. Mwaka 2018, wakati Washington na Moscow zikitupiana maneno kila wiki, Marekani, China, Urusi, Norway na Uingereza zilishirikiana na Nigeria na IAEA. Urani iliyorutubishwa kwa kiwango kidogo ikaingizwa kinuni, ile ya hatari ikatolewa, na Desemba ikasafirishwa kwa ndege kurudi China chini ya ulinzi wa jeshi. Ghana ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2017, na mafundi walijifunza mengi huko. Kazi ya Zaria ilifanyika kwa sababu wataalamu walikuwa bado wanapigiana simu.

Kongo ina upande mwingine wa ushahidi. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium. Katika miaka ya sabini fimbo mbili za fueli yake ziliibwa. Moja ilikamatwa Roma mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu wa mafia waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Ya pili haijaonekana hadi leo. Fueli hiyo isingetosha bomu, lakini angalia muda: zaidi ya miaka 20 kati ya kuibwa na kukamatwa.

Na kule Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodini na sokoni, kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Wabelgiji waliuziba kwa zege wakati wa uhuru, 1960. Umaskini uliufungua. Kufikia miaka ya tisini na mwanzoni mwa karne hii maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakiingia na sururu na viroba kutafuta kobalti na shaba, urani ikiwa imechanganyika humohumo. Rais Joseph Kabila aliufunga kwa amri Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Walikuwa wameendelea kuchimba. Zege la Shinkolobwe na zege la Degelen lilishindwa kwa sababu moja: hakuna aliyemwuliza mwenye njaa aliye jirani ya shimo atakula nini.

Ulba, kile kiwanda cha kufuli la kizamani, leo kina kazi nyingine. Tarehe 29 Agosti 2017 IAEA ilizindua hapo benki ya urani ya kiwango cha chini, tani 90, ili nchi inayonyimwa fueli ya vinu vyake kwa sababu za kisiasa ipate pa kukimbilia bila kujenga mitambo yake ya kurutubisha. Wachangiaji walikuwa shirika lililoasisiwa na Sam Nunn pamoja na Marekani, Umoja wa Ulaya, Norway, Kuwait, Falme za Kiarabu na Kazakhstan yenyewe. Shehena ya kwanza ilipofika Oktoba 2019, ilipita kwa reli kukatiza Urusi, kwa kibali cha Urusi.

Huku kwetu mambo haya yanasogea. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kufanya kazi Julai 2009 baada ya Burundi kuwa nchi ya 28 kuuridhia. Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha kutangaza nia ya kujenga vinu vya umeme wa nyuklia, na hospitali zetu zinatumia vyanzo vya mionzi kutibu saratani. Mikutano ya hadhara itajaa maswali ya megawati na bei ya umeme, na ni haki yetu kuyauliza. Tuulize na mengine. Nani ataandika kila gramu inayoingia na inayotoka? Mlinzi wa ghala atalipwa mshahara mwaka ambao bajeti imepungua? Wataalamu wetu wanawajua kwa majina wenzao wa nchi jirani, na wa IAEA kule Vienna, wa Moscow, Beijing na Washington, ili siku serikali zikinuniana simu iendelee kupokelewa? Mbunge wako na ayajibu hayo kabla hajainua mkono kupitisha mkataba wa kinu.